Karatasi Niliyoiandika kwa Mkono Wangu

Mwandiko wangu ni mzuri. Sijisifu, ndivyo nilivyoambiwa tangu nikiwa darasa la nne, na ndiyo sababu kila tangazo la kanisa letu, kuanzia zamu za kufagia hadi majina ya wanaobatizwa, limepita mkononi mwangu. Siku za wiki nafundisha chekechea, na kwa miaka mingi Jumapili nilikuwa nafundisha watoto wa kanisa. Kijiji chetu kiko kando ya Tana, si mbali na Kulesa. Jina lake sitalitaja, maana watu wake siku hizi wananisalimia shingo upande na sitaki waache hata hiyo salamu.

Miaka michache iliyopita wakubwa wa kanisa walituita semina Hola, watu wawili kutoka kila kanisa. Kwetu tulienda mimi na mzee mmoja wa baraza, ambaye alisinzia kuanzia chai ya saa nne hadi chakula cha mchana. Mada ilikuwa kuwalinda watoto. Mwalimu wa semina, mama mwenye sauti kavu na asiye na mizaha, alisema kila kanisa lichague mtu ambaye mtoto akiwa na shida atamwendea, iwe shida ya kanisani au ya nyumbani. Jina la mtu huyo na nambari yake ya simu vibandikwe ukutani, mahali ambapo hata mtoto mfupi anaweza kusoma. Akasema tusichague haraka. Tuulize habari zake kwa watu, tuwaulize hata watoto wenyewe, na wawe wawili, mwanamke na mwanamume. Akasema pia kwamba siku mtoto akisema neno, neno hilo lipelekwe polisi au kwa afisa wa watoto siku hiyohiyo, kanisa lisijifanye mahakama. Yote niliyaandika kwenye daftari langu na kuyapigia mstari. Daftari lile ninalo mpaka leo, na kila nikilifungua napandwa na hasira.

Tuliporudi, suala hilo liliwekwa mwisho kabisa wa ibada, baada ya matangazo ya harusi na ya chanjo ya ng'ombe. Ilikuwa inaelekea saa saba, mabati yanawaka, watoto wanalia njaa. Mchungaji akaeleza kwa maneno machache kwamba tunatakiwa kuchagua mtu wa watoto. Mama mmoja nyuma akauliza, kwani kuna wa kuchagua? Watu wakacheka, kwa sababu kila mtu alishamfikiria mtu yuleyule, mzee mmoja mwenye mtumbwi.

Kwetu mtu hupimwa kwa mafuriko. Mto ukipanda na maji yakaingia nyumbani, unaona nani anakimbilia magunia yake na nani anakuja mlangoni kwako. Yeye alikuja mlangoni kwa kila mtu. Mwaka ule maji yalipotushtukiza alfajiri, aliwabeba watoto mabegani mmoja mmoja, akawavusha kwa mtumbwi hadi kwenye kilima lilipo kanisa, na akarudi tena na tena mpaka miguu ikamvimba. Mtu aliyekubebea mtoto siku kama ile humuulizi kitu kingine maisha yako yote. Na si mafuriko tu. Mashamba yetu mengi yako ng'ambo, na mama hawezi kuvuka na watoto wadogo kila siku huku mamba wanaota jua ukingoni, kwa hiyo watoto waliachwa uwanjani mwa kanisa, naye ndiye aliyebaki nao. Aliwafundisha ngoma. Alishika ufunguo wa stoo ya unga wa uji na vitabu. Mikono ikapanda kanisa zima, na wangu pia ulipanda.

Daftari lilikuwa mapajani mwangu siku ile. Ningeweza kusimama na kusema, jamani, tuliambiwa wawe wawili, tuliambiwa tuulize. Sikusimama. Nilikuwa na njaa, na niliona aibu kuuliza habari za mtu aliyembeba mtoto wa dada yangu. Wiki iliyofuata nikanunua karatasi ya manila na kalamu nene nyekundu. Nikaandika: MTOTO, UKIWA NA SHIDA YOYOTE, USIOGOPE. MWAMBIE, kisha jina lake lote na nambari yake ya simu. Pembeni nikachora maua. Watu walisifu maua yale.

Kulikuwa na msichana darasani kwangu aliyenitoa jasho kwa maswali. Nilipofundisha habari za Yona alitaka kujua tumboni mwa samaki alikuwa anakula nini na anakwenda haja wapi. Nilimkemea huku nacheka. Alikuwa na miaka kumi wakati huo, mtoto wa mama mmoja mpole sana, mwanakwaya, aliyeolewa mara ya pili na mwanamume wa makamo ambaye hajawahi kunipa sababu ya kumpenda. Alipofika miaka kumi na moja maswali yakaisha. Alikaa nyuma, karibu na mlango, na nikimtaja anajibu ndiyo au hapana. Nikasema moyoni, anakua. Ndiyo hekima niliyokuwa nayo, mimi mwalimu.

Aliyeona si mimi wala si yeyote wa kanisa letu. Ni mwanamke wa Kiorma anayeniletea maziwa asubuhi, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi. Siku moja alinimiminia maziwa, akafunga chombo chake, lakini hakuondoka.

"Mwalimu, ile mtoto yenu inaogopa kanisa," akasema. "Kila siku inazunguka kwa miti ya mathenge. Miiba inakata yeye, na barabara iko."

Nikamjibu kwamba watoto wana michezo yao. Akasema miiba si mchezo, akaenda zake.

Siku ile nilimtazama msichana miguuni. Ilikuwa imechanwachanwa, alama mpya juu ya alama za zamani. Nikamwita aje kunisaidia kuchagua mchele jikoni kwangu alasiri. Sikumuuliza mengi. Nilimwambia tu kwamba nimesikia anapita njia ndefu. Alichagua mchele, kokoto moja, kokoto ya pili, kisha akaanza kusema, kwa sentensi fupifupi, bila kuinua macho kutoka kwenye ungo. Aliyoyasema sitayaandika hapa, ni yake. Itoshe kwamba yalikuwa ya stoo, hayakuwa ya mara moja, na yalikuwa ya mtu mzima aliyejua vizuri anachokifanya. Nilimwambia namwamini na kwamba kosa si lake. Akauliza kama nitasema kwa watu. Nikamwambia lazima niseme, ili yakome. Akatikisa kichwa kukubali, akaendelea na mchele wake.

Hapa ndipo ninapojichukia zaidi. Nilijua la kufanya. Lilikuwa limeandikwa na kupigiwa mstari: siku hiyohiyo, polisi au afisa wa watoto. Garsen si mbali, boda boda zipo. Badala yake nilijifunga leso nikaenda kwa mchungaji, kwa sababu ndivyo tulivyolelewa, jambo la kanisa linaanzia kwa mchungaji. Alishika kichwa. Alisikitika kweli, hilo simnyimi. Kisha akaniomba wiki mbili ili wazee wakae, waombe, wasikilize pande zote. Nikampa. Nani alinipa mimi ruhusa ya kugawa wiki mbili za mtoto wa watu?

Wazee walikaa. Mimi niliitwa kama shahidi, nikasema niliyoyajua, nikaombwa nitoke. Nilipata habari baadaye kwamba mzee wa mtumbwi hakukana. Alilia. Alisema alipitiwa, akasema shetani, akapiga magoti, nao wakalia pamoja naye, maana kila mmoja alikuwa na mjukuu aliyewahi kupanda mtumbwi wake. Kwa hayo machozi jambo likahesabika limekwisha. Baba wa kambo wa msichana, ambaye alikuwa kwenye kikao kwa niaba ya familia, alisema haraka kuliko wote kwamba wao hawana kinyongo. Haraka ile ilinishangaza hata wakati ule, ila sikuifuatilia. Mama hakuulizwa. Mtoto hakuulizwa kabisa.

Mzee wa baraza, yuleyule aliyesinzia Hola, alikuja nyumbani kunipa taarifa. Alikaa kwenye kiti changu, akanywa maji yangu.

"Mwalimu, hii maneno imeisha," akasema. "Ametubu. Mtoto amesamehe. Unataka nini ingine?"

Nikamwambia nataka polisi. Akacheka kidogo, kwa huruma, kana kwamba nimesema nataka kuota mabawa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya meza ya Bwana. Kwetu kuna desturi ambayo nimeipenda tangu utotoni: watu waliokosana wanaitwa mbele kabla ya mkate, wanashikana mikono, na ugomvi wao hautajwi tena. Nimeona ndugu waliogombea mpaka wa shamba kwa miaka wakishikana mikono pale na kulia. Mwenyewe nimewahi kuitwa mbele pamoja na wifi yangu. Siku ile mchungaji akasema kuna pande mbili zimepatana, na hakutaja kwa nini. Mzee wa mtumbwi akasimama kutoka kiti chake cha pembeni, pale karibu na ngoma. Kisha nikamwona baba wa kambo akimsukuma msichana mgongoni, taratibu, kwa vidole. Mtoto akatembea hadi mbele. Akatoa mkono huku akitazama sakafu, na mzee akaushika kwa mikono yake yote miwili.

Nilisimama. Sikuwa nimepanga kusimama.

"Mtoto huyu hakukosana na mtu," nikasema.

Nilikuwa na mengine ya kusema. Lakini kiongozi wa nyimbo, mwanamke tuliyebatizwa naye siku moja, alianzisha pambio, kwaya ikalidaka, makofi yakaanza, na ngoma ikaingia, sijui nani aliipiga. Nikaongeza sauti nao wakaongeza. Waliniimbia hivyo mpaka koo likanikauka, nikakaa. Pambio lenyewe nilikuwa nalipenda, na sasa hata likipita redioni nazima. Mama wa msichana alikuwa kwenye safu ya kwaya. Midomo yake haikusogea, lakini hakutoka kwenye safu.

Jumatatu asubuhi nilikuwa Garsen. Askari mwanamke alinipokea, akaniketisha mbali na watu, akaandika kila kitu. Alipofika kwenye tarehe aliacha kalamu akaniuliza, huyu mtoto alikwambia lini? Nikamwambia. Hakunilaumu. Aliandika tarehe, akageuza ukurasa, na mimi nikatamani angenilaumu. Kesho yake nilikwenda naye nyumbani kwa msichana. Hatukumkuta. Baba wa kambo alisimama mlangoni akasema mtoto ameenda kusalimia jamaa, na jamaa ni wengi, hajui atalala kwa nani. Mama alikuwa nyuma yake amekamata ufagio. Nilimtazama, akatazama chini. Mzee naye alikuwa ameshaondoka kijijini, amekwenda kwa watoto wake.

Askari alinieleza njiani kwamba faili limefunguliwa, na neno langu ni neno la mtu aliyesikia. Aliyefanyiwa ni mtoto, na bila sauti ya mtoto faili lile litalala. Aliniambia bila kupamba maneno, nami nikamshukuru, kisha nikalia barabarani watu wanapita.

Kanisa liliniandikia barua kwamba nipumzike kufundisha watoto. Mzee wa mtumbwi naye alipumzishwa, ila barua yake ilisomwa mbele ya watu, na shukrani kwa utumishi wake. Kuhusu karatasi ya ukutani, mtu alichukua wembe akakata jina na nambari ya simu. Sehemu iliyobaki waliiacha pale: MTOTO, UKIWA NA SHIDA YOYOTE, USIOGOPE. MWAMBIE, halafu tundu, na ndani ya tundu chokaa ya ukuta. Maua yangu pembeni. Nilimwomba mchungaji aitoe. Akasema karatasi bado ni nzuri, ni kutafuta jina jingine tu. Miezi ilipita tundu likiwa pale, na watoto wakiingia ibadani wakilipita.

Aliyeleta habari ni yule mama wa maziwa tena. Jamaa zake hupeleka mifugo juu, upande wa Wenje, na huko walisikia kuna mtoto mgeni kutoka kwetu, mtoto mkimya, anaishi kwa mama mkubwa wake. Aliniambia akiwa anafunga chombo chake kama siku ile ya kwanza. Safari hii sikumjibu chochote cha kipumbavu. Nilimpigia askari simu maziwa yakiwa bado jikoni hayajachemshwa.

Tulikwenda pamoja, askari akiwa amevaa kiraia. Mama mkubwa, dada wa mama yake msichana, alitupokea kwa uji na hakuzunguka. Alisema yeye aliletewa mtoto bila maelezo, akaambiwa tu asimrudishe mpaka aitwe, na tangu siku ile amekuwa akijua kwamba kuna jambo, kwa sababu mtoto mwenyewe hajauliza hata mara moja atarudi lini kwao. Askari akaniambia niende nimsalimie kwanza, kwa kuwa ananijua. Alinionya nisimhoji, na hasa nisimuulize kwa nini.

Msichana alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi. Alikuwa amerefuka. Nilikaa chini, nikachukua gunzi nami nikaanza kupukuchua. Tuliongea habari za shule ya huko, za viboko walioingia shambani kwa mama mkubwa, za mchele wa mwaka huu. Aliniuliza kama bado nafundisha habari za Yona. Nikamwambia nimesimamishwa. Akacheka kidogo, na kicheko kile kikanivunja. Miezi yote ile ya hasira ikanipanda, hasira kwa mchungaji, kwa wazee, kwa kwaya, na nikauliza swali lilelile nililokatazwa.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia mapema?"

Hakukasirika. Alipukuchua mstari mzima wa punje kabla ya kujibu.

"Kwanza nilikuwa na shida ingine," akasema. "Baba alikuwa ananipiga. Na fimbo ya ng'ombe. Nikasoma ile karatasi. Ilisema nikiwa na shida nimwambie yeye. Ndio nikaenda stoo."

Akaendelea, akinieleza taratibu kama mtu anayemweleza mtoto mdogo.

"Na mwandiko ni wako. Sisi wote tunajua mwandiko wako. Nikafikiri wewe unajua vile yeye yuko."

Mwaka mzima, basi, alikaa nyuma ya darasa langu, karibu na mlango, akinitazama nikifundisha, akiamini kwamba najua. Ningeweza kutafuta maneno. Ningeweza kusema kanisa zima lilipiga kura, mkono wangu ulikuwa mmoja kati ya mingi. Nilimwambia ukweli nilionao, nao ulikuwa mfupi.

"Sikujua. Niliambiwa niulize watu kabla ya kuandika, na sikuuliza."

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu kabla ya ile siku ya mchele.

"Ukiulizwa na polisi, utasema hiyo?"

"Nitasema."

"Na kwa korti? Utasema ni wewe uliandika jina?"

"Nitasema."

Aliweka gunzi chini, akakung'uta sketi, akaenda mwenyewe kumwita askari. Walikaa ndani pamoja na mama mkubwa mpaka jua likahamia upande wa pili wa nyumba. Mimi nilibaki nje na mahindi, nikayamaliza yote. Askari alipotoka alisema mtoto amesema mwenyewe, yote, la stoo na la fimbo, na kwamba hatarudi kwenye ile nyumba. Faili sasa lina sauti yake. Safari ya kortini bado ni ndefu, na sina hakika mwisho wake utakuwaje.

Kisha akanipa karatasi na kalamu, akasema nami niongeze maelezo yangu upya, maana yale ya kwanza yalianzia jikoni kwangu, na jambo halikuanzia jikoni. Niliiweka karatasi juu ya kinu kilichopinduliwa. Nikaandika kwa uangalifu, herufi moja moja, kama ninavyoandika siku zote: "Mimi ndiye niliyeandika jina lake ukutani."